Bwawa la Nyumba Ndogo

Klabu ya nyumba ndogo pale Newala, ambako wanawake na wasichana walichonga nyumba ya mfano na vyombo vyake, haikutoza senti. Kiingilio kilikuwa maji. Kila Jumamosi mwanachama alikuja na kibuyu chake, akakimimina katika debe lililokaa chini ya meza, na aliyekuja mkono mtupu hakupewa kisu wala brashi.

Sheria hiyo aliitunga Emilia, mwalimu wa darasa la tatu, mtoto wa Lupaso. Haikupendwa. Mwaka ule wa hamsini na sita kiangazi kilikuwa kikali, wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo moja jua likiwa utosini. Wakasema mwalimu huyu ana wazimu, kudai kibuyu kizima cha maji kwa ajili ya kuchonga viti vya ukubwa wa kidole gumba. Emilia hakubishana nao. Aliwaeleza tu juu ya mkono wa mama yake, ulioungua kwa mafuta makali ya maganda ya korosho, maji ya kuuosha yakakosekana, ngozi ikabaki imekunjamana kama karatasi iliyonyeshewa.

Mafuta hayo hayo ndiyo waliyoyatumia klabuni. Memsahibu aliyeianzisha klabu, mke wa mzungu mmoja msimamizi wa ujenzi wa barabara, alitaka kila kilichomo ndani ya nyumba ile ya vyumba vinne kiwe cheusi kama mpingo. Mpingo wenyewe ulikuwa mgumu mno kwa visu vya wasichana. Kwa hiyo walichonga mti laini, kisha wakaupaka mafuta ya korosho mpaka ukaiva weusi. Emilia alisimama juu ya vichwa vyao: majivu mikononi kwanza ili mafuta yasishike ngozi, kisu kielekee mbele kisielekee kifuani, na kopo la mafuta lisifunguliwe kama debe halina maji.

Aliyewapita wote kwa mikono alikuwa Sikudhani, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alichonga kinu na mchi wake, kidogo kiasi kwamba Mama Fikirini, mke wa karani, alimtania kuwa mume atakayemwoa atakula ugali wa sisimizi. Sikudhani akajibu kwamba afadhali aolewe na sisimizi, hatadai kitoweo.

Siku ya maonyesho wageni kutoka Lindi walitarajiwa saa tisa. Sikudhani alikuja na vibuyu viwili badala ya kimoja, kwa sababu, alisema, siku ya sherehe mtu haendi kwa kupima. Saa nane Memsahibu akafika na wazo jipya. Nyumba haina bwawa mbele yake, na kwao nyumba nzuri ina bwawa. Akaamuru debe liinuliwe, maji yote yamiminwe katika karai pana, akakoroga bluu ya kufulia mpaka yakawa na rangi ya mbingu. Wanawake walitazama maji yao.

Kilibaki kiti kimoja cheupe, hakijapakwa mafuta. Emilia akasema debe ni tupu, kiti kile kiachwe kilivyo. Memsahibu akatazama saa yake, akasema kiti kimoja hakimuui mtu, na kama mwalimu anataka kumfundisha kazi aseme wazi.

"Niwie radhi, Memsahibu," Emilia alisema. Na akalifungua kopo kwa mkono wake mwenyewe.

Unyoya wa kuku aliotumia Sikudhani kupakia mafuta ulijikunja ukingoni mwa kiti, ukafyatuka. Tone likaingia jichoni. Naye, kwa vile ni mtoto na kwa vile lilichoma, akalisugua kwa vidole vile vile vyenye mafuta. Alilia kwa sauti ambayo Emilia hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu. Emilia aliinama chini ya meza, akakuta debe kavu. Akageuka, akanyanyua karai, akamwagia Sikudhani usoni bwawa zima.

Nyumba ndogo ililowa na kuanguka upande mmoja. Viti vilielea mpaka kwenye viatu vya wageni, ambao walikuwa wanaingia mlangoni. Sikudhani alikaa sakafuni, bluu ikimtiririka mashavuni.

Hospitalini jicho liligeuka jeupe, likabaki hivyo.

Emilia alikwenda kwao Sikudhani siku ya tatu, akapiga magoti uani akaomba msamaha. Mama Sikudhani hakumwinua. Aliendelea kuchambua kunde, kisha akauliza kama siku ile maji yalikuwepo.

"Yalikuwepo, mama."

"Yetu?"

"Yenu."

Mama Sikudhani akarudi kwenye kunde zake.

Jumatatu iliyofuata Emilia aliitwa na Mwalimu Mkuu Edmund, mzee aliyemfundisha kusoma tangu akiwa mdogo. Alimpa shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kumtazama. Mezani palikuwa na barua iliyopigwa taipu. Ilisema kwamba yeye, Emilia, anamwomba Memsahibu radhi kwa kuharibu nyumba ya maonyesho, na kwa kumpofua mtoto kwa kumwagia maji yenye bluu. Juu ya mafuta hapakuwa na neno, wala juu ya debe. Memsahibu ndiye aliyeitunga. Emilia akitia sahihi atabaki na darasa lake; asipotia, kesho kutwa atapanda lori kurudi Lupaso, na hakuna shule ya misheni itakayompokea.

Emilia aliisoma mara mbili. Aliuliza, ikiwa bluu ilichangia, nani aliitia majini. Mzee akasema hilo haliulizwi. Akasema pia, kwa upole, kwamba naye ameshaomba radhi mara nyingi maishani kwa makosa ya wengine, na bado anakula ugali wake.

"Ni neno tu, binti yangu. Umewahi kumwambia Memsahibu. Mwambie tena."

"Nilimwambia mara moja, nikafungua kopo, na jicho likaondoka." Emilia aliirudisha barua upande wa mzee, kalamu juu yake. "Mama Sikudhani nimemwomba, na nitarudi kumwomba hata asiponijibu. Huyu simwombi radhi, Mwalimu. Wala leo, wala nikiwa Lupaso."