Rufaa ya Ng'ombe wa Kiingereza

Mwalimu Wilibrodi alipostaafu, watu walidhani angerudi zake kijijini Qurus kulima mbaazi kama wenzake. Wapi! Akaanzisha shindano la sarufi ya Kiingereza kwa shule za sekondari, na kila mwaka fainali hufanyika kwenye ukumbi wa kanisa, Karatu mjini. Akatafuta na mtu wa kumtunzia muda wa maswali, naye akawa Ritha, mwanafunzi wake wa zamani ambaye siku hizi ni mwalimu wa Kiingereza. Ritha ana watoto wawili na sauti ya kunyamazisha darasa zima, lakini akikutana na Mwalimu Wilibrodi barabarani bado huficha mikono nyuma na kusema shikamoo kwa sauti nyembamba.

Mwaka huu ukumbi ulijaa hadi milangoni, kwa sababu zawadi ilikuwa ya kumtoa mtu udenda. Fabian, dereva wa watalii, alikuwa ameahidi kuwashusha washindi kwenye kreta ya Ngorongoro kwa gari lake, bure, kutwa nzima. Upande mmoja waliketi watoto wa Oldeani, wengi wao wa wafanyakazi wa mashamba ya kahawa. Upande wa pili waliketi watoto wa Ngorongoro, wakiongozwa na Nasieku, binti mrefu asiyejua kuzungumza taratibu. Nasieku ameiangalia kreta kutoka juu tangu azaliwe, na hajawahi kukanyaga chini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipofika swali la Simoni, nahodha wa Oldeani.

“One of the guides,” Mwalimu alisoma kwa madaha. “Tumalizie ‘is sick’ au ‘are sick’?”

“Is sick,” alijibu Simoni bila kusita.

Mwalimu aliinamia simu yake. “Kosa! Guides ni wengi. Jibu ni ‘are’.”

Ritha alishtuka. Guides ni wengi, sawa, lakini mgonjwa si mmoja wao? Alimtazama Mwalimu, akatazama saa. Zamani mzee alikuwa akitunga maswali yake mwenyewe. Mwaka huu mjukuu wake alimwonyesha maswali ya mtandaoni, yamekuja na majibu yake kabisa, kama chai iliyokwisha tiwa sukari. Mzee akayapenda. Ritha alitaka kunyanyua mkono, mkono ukawa mzito. Nani amsahihishe Wilibrodi mbele ya kadamnasi? Akajiambia kwamba ni alama moja tu, haitaharibu kitu. Akanyamaza, na moyoni akajiona mnafiki.

Wakafika swali la mwisho. Oldeani walikuwa mbele kwa alama moja. Nasieku akipata, timu zitakuwa sare.

“The cattle,” Mwalimu alisoma. “Tuseme ‘is drinking’ au ‘are drinking’?”

Nasieku alicheka. “Are drinking, Mwalimu!”

Mzee akachungulia simu. “Kosa! Cattle haina ‘s’ mwishoni, kwa hiyo ni umoja. Jibu ni ‘is’. Oldeani wameshinda!”

Upande wa Oldeani ukalipuka kwa vifijo. Katikati ya kelele hizo Nasieku alisimama juu ya benchi.

“Mwalimu, nakata rufaa!”

Baba yake, mzee Mepukori, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na shuka lake, aligeuka kwa ukali. “Wewe mtoto, shuka! Mwalimu akishasema, amesema.”

“Lakini baba, ni ng'ombe!”

“Ng'ombe wa nani?”

“Wa Kiingereza, baba. Cattle ni kundi zima. Mwalimu amelifanya ng'ombe mmoja.”

Mepukori alisita. Kupunguziwa kundi si jambo la mchezo. Hata hivyo heshima ilimshinda. “Kama Mwalimu amewahesabu na kupata mmoja, basi huyo mmoja ndiye aliyepo. Keti chini!”

Watu wakaangua kicheko. Nasieku alishuka kwenye benchi taratibu, macho yamejaa machozi, na hapo Ritha akasimama.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Ritha. Muda umekwisha?”

“Muda haujaisha, Mwalimu. Naomba radhi yako. Nasieku amepata. Tena hata Simoni alipata, kwa sababu mgonjwa alikuwa guide mmoja. Nilijua tangu wakati ule, nikaogopa kusema.”

Ukumbi mzima ulimgeukia Mwalimu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Aliyarudia maswali yote mawili kimyakimya, midomo ikicheza. Ritha akangoja kukaripiwa.

“Mungu wangu,” mzee alisema mwishowe. “Kwa ‘one of’ hiyohiyo niliwachapa watu fimbo! Ritha, wewe si nilikuchapa?”

“Mara nyingi, Mwalimu.”

“Basi leo mmenirudishia!” Akacheka mpaka akashika meza, na ukumbi ukacheka pamoja naye. Ritha alihisi mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mzee akachukua chaki. “Haya. Simoni, alama moja. Nasieku, alama moja.” Akajumlisha ubaoni, akakuna kichwa. “Kwa hiyo... Oldeani bado mbele kwa alama moja.”

Kelele zote zile, na matokeo hayajasogea hata kidogo! Watu wakamtazama Nasieku, wakidhani atalia sasa. Yeye akavuka ukumbi kwa hatua zake ndefu, akampa Simoni mkono.

“Sawa,” alisema. “Mmenishinda, lakini ng'ombe wangu wamerudi wote.”

Mepukori alipiga fimbo yake sakafuni kwa furaha. “Huyo ndiye binti yangu!” alitangaza, kana kwamba hakuwa amemwamuru kuketi dakika chache tu zilizopita.

Fabian, aliyekuwa ameegemea mlango, alipaza sauti kutoka nyuma. “Jamani, washindi ni watatu na gari lina viti saba vya abiria. Mnabishania nini? Watatu wa Ngorongoro nao wapande!”

“Kiti cha saba changu,” alidakia Mwalimu Wilibrodi.

Jumamosi yake gari liliteremka kreta, paa limefunguliwa. Nasieku alisimama kichwa nje, vumbi usoni, akipiga kelele kila alipoona kitu. Mwalimu, aliyekaa mbele, alimtumia Ritha picha ya nyumbu wametanda mpaka upeo wa macho, na chini yake ameandika: “Binti yangu, hawa ni wildebeest au wildebeests? Watoto wamegawanyika, na mimi simu siiamini tena.”

Ritha alikuwa jikoni anamenya viazi. Alifuta mikono, akaketi na kuanza kumjibu mwalimu wake.