Wavu Uliojaa Makapi

...na mshale wenyewe wa joto la injini ulikuwa haujafika kwenye nyekundu, ulikuwa unainusa tu, angeweza kumalizia mistari miwili mitatu ya nyasi, lakini mkono ukazima trekta kabla kichwa hakijaamua, na sasa boneti iko juu, injini inapoa kwa milio midogo, tik, tik, na kule mwisho wa shamba msimamizi ameshashuka kwenye pikipiki anakuja kwa miguu, huyohuyo aliyesema juzi mbele ya watu, "Wiki moja ya majaribio, mama mtoto, trekta likikushinda unarudi kushona magunia," watu wakacheka, na yeye aliyechekwa akacheka nao, ya nini kununa... kibano cha kushoto kwanza, halafu cha kulia, taratibu, wavu wa rejeta ukivutwa kwa pupa unapinda, haya, huu hapa, mama yangu wee, umevaa koti zima la makapi, rejeta ingehemaje, kama mwanawe wiki iliyopita alivyozibwa pua na mafua, ananyonya mara mbili, anaachia, analia, hadi mama mkwe akasema, "Lete kitambaa laini, usimsukumie ndani, mvutie nje," kisha akambeba mtoto mchana kutwa ili yeye mzazi apate usingizi, na leo pia yuko naye, hakuombwa, alinyoosha mikono tu mlangoni... kuvuta nje, ndiyo hivyohivyo, brashi ianzie mgongoni mwa wavu, makapi yatokee mbele yalikoingilia, ukisugua kwa mbele unayashindilia kwenye vitundu, kosa la madereva wote wa hapa hilo, na la pili ndilo hilo linakuja, "Mwagia maji hiyo kitu!" msimamizi anapaza sauti, "Ndoo si hiyo hapo?" maji, vumbi hili likinywa maji linakuwa plasta, na rejeta bado ya moto, ipasuke halafu aulizwe yeye, "Inapoa kwanza, bosi!" lo, sauti hiyo imetoka kwake... atauliza nani kakuambia uzime, hilo lazima, basi aseme fundi, fundi hatamwangusha, mzee yule wa karakana aliyefunga mikono nyuma ya mgongo siku nzima ya mafunzo ili asije akamnyang'anya spana, "Fanya wewe, binti yangu, mimi nimeleta macho tu," yeye akachubuka vidole, akafungua, akafunga vibaya, akafungua tena, mzee hakumharakisha hata mara moja... lakini fundi leo yuko karakana, hakuuona mshale, hakusikia injini ilipoanza kuhema kwa shida, sasa aliyesikia ni nani, ni yeye, juu ya kile kiti, peke yake, na mkono haukukurupuka hata kidogo, ulikuwa unajua, ungejuaje kama yeye hajui... gonga wavu kwenye goti, polepole, makapi yanamwagika juu ya viatu, mwanga unaanza kupenya, nusu bado, na viatu vingine vimesimama karibu na vyake, vinanuka petroli, "Nani kakuambia uzime?" "Mimi," anasema, wala hageuki, "nimezima mimi, ingechemka... nishikie hapa, bosi, nimalizie kona hii," na brashi inaendelea, tik, kisha vidole vinene vinakuja vinashika ukingo wa wavu.