Kode Iliyotumwa kwa Lévi

Goma ilianguka mikononi mwa waasi siku ya Jumatatu, na siku hiyohiyo Lévi, kaka yake Rodrigue, aliyekuwa akiishi huko, akanyamaza. Jumanne, huku Lubumbashi, umeme uliokuwa umekatika tangu wikendi ulirudi kwa kishindo na kuiua kompyuta ya Rodrigue. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo. Mtu ni mtu na mashine ni mashine. Lakini msiba hauna adabu ya kuingia kwa zamu, na nyumba ile ilikuja kuyachanganya mpaka asiyekuwepo hawezi kuelewa.

Rodrigue alirekodi kwaya katika chumba cha nyuma cha depo ya mama yake, katikati ya mji, nyuma ya marobota ya vitenge na katoni za sabuni. Kuta alizifunika magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Mama yake, Victorine, ni Mnande wa Butembo, na Mnande wa Butembo hata ukimtupa mwezini, kesho utamkuta amefungua duka la jumla. Alikuja Lubumbashi na watoto wawili wa kiume. Lévi, kifungua mimba, alipokua alirudi Kivu, akawa fundi wa sauti kwenye redio moja ya Goma, na kutoka huko alimfundisha mdogo wake kazi kwa simu, kitufe baada ya kitufe.

Ndiye pia aliyemnunulia programu ya kurekodia. Kabla ya hapo Rodrigue alitumia nakala ya wizi, kama nusu ya mafundi wa mji, na Lévi alichukia sana. "Fundi hatumike na kitu ya kuiba," alimwambia. "Nitakununulia ya kweli, itakuwa yako mpaka uzeeke." Akainunua kwa jina lake, akaandikisha nambari yake ya simu, kisha akampa mdogo wake iwe zawadi. Laiti angemwachia wizi wake. Mwizi haulizwi kitambulisho.

Basi Rodrigue akatafuta diski nyingine, akaweka mfumo upya, na Alhamisi akaanza kuirudisha programu. Nyimbo kumi na mbili za kwaya ya Maman Clotilde zilikuwa salama kwenye diski ya pembeni, ila bila programu ile hazifunguki. Mstari wa kijani ulipanda hadi asilimia tisini na moja, ukasimama, na maandishi yakatokea kwamba usakinishaji umeshindwa. Akaanza tena. Tisini na moja. Akazima kinga ya virusi. Tisini na moja. Akafuta mabaki ya majaribio yaliyoshindwa, faili moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye maharagwe, akawasha upya, akaketi. Tisini na moja.

Kila mstari uliposimama, alishika simu na kumpigia Lévi. Ndivyo alivyozoea. Programu ikikwama, unampigia yaya Lévi, kaka mkubwa, anakucheka kidogo, anakuonyesha. Sasa sauti ya kike ya kampuni ya simu ilimjibu kwa Kifaransa safi kwamba mtu anayemtafuta hapatikani, na alishaichukia sauti hiyo kuliko chochote duniani.

Ijumaa jioni aligundua kosa. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta, ile inayotunza saa, ilikuwa imekufa, na mashine iliamini kwamba huu ni mwaka 2009. Programu haikubali kuzaliwa kabla ya siku yake. Rodrigue aliionea wivu mashine hiyo, kwa sababu mwaka 2009 Lévi alikuwa bado yuko hapa na walilala kitanda kimoja. Akasahihisha tarehe. Mstari ukapita tisini na moja, ukafika mia, na moyo wake ukaruka kama wa mtoto.

Ndipo ukurasa mwingine ukafunguka, na maandishi ya Kifaransa: *Code envoyé.* Kode imetumwa kwenye nambari inayoishia na 47. Iandike hapa ndani ya dakika kumi.

Nambari hiyo ilikuwa ya Lévi.

Aliwaandikia wenye programu. Aliwaeleza kila kitu, vita, mji, kaka. Siku ya pili wakamjibu kwa upole kwamba, kwa usalama wa mteja, ombi hilo linaweza kufanywa na mwenye akaunti peke yake, na wakamshauri amwombe mwenye akaunti awaandikie. Mwishoni wakamtakia siku njema. Akaazima nakala ya wizi kwa rafiki yake, lakini nyimbo za Maman Clotilde zilikataa kufunguka humo, kwa sababu nakala ile ni ya zamani mno. Maman Clotilde naye hakumsumbua. Alipita mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema, "Kwaya itangoja, papa. Mutafute kwanza Lévi." Upole wake ulimuumiza Rodrigue kuliko kelele, kwa sababu kumtafuta ndiko hasa alikokuwa hajui kunaanzia wapi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Jamaa wote aliowajua huko walikuwa wamekimbia au nao hawapatikani. Alijiona bure kabisa, mtu mzima mwenye mikono miwili na hakuna cha kushika.

Mama Victorine aliingia chumbani asubuhi moja kutafuta mkasi wa kukatia kamba za marobota, akaona maandishi kwenye kioo.

"Hii iko inasema nini?"

"Code envoyé, Mama. Inasema ilisha kutuma kode."

"Kwa nani?"

"Kwa numéro ya yaya Lévi."

Mkasi ukasahauliwa. Mama akavuta kiti, akasoma neno lile kwa kidole. *Envoyé* alilijua. Alisoma miaka mitano tu kwa masista, lakini neno hilo hakulijulia kwa masista, alilijulia kwenye biashara. Kwa miaka thelathini liliandikwa kwa wino mwekundu kwenye kila mzigo aliotumiwa na kila mzigo aliotuma, Kasumbalesa, Pweto, Kalemie.

"Miye napiga simu yake kila siku, haipite," alisema. "Hii mashine inapita?"

"Mama, haiko vile. Iko inatuma tu, haijue kama—"

"Inaandika envoyé ao haiandike?"

"Inaandika."

"Sikia, Rodrigue. Colis, muzigo, ikikosa muntu wa kuipokea, inarudia. Hata ikamate mwezi muzima, inarudia. Miye sijaona colis yenye haina mwenyewe inabakia kule. Hii yako ilirudia?"

"Hapana."

"Basi kuko muntu anapokea."

Rodrigue alifungua mdomo amweleze. Ni jambo dogo tu, ujumbe ukipotea haurudi, wala haumwambii mtu. Lakini alimtazama mama yake, ambaye kwa siku kumi alikuwa akila vijiko viwili vya ugali na kusukuma sahani, akaona uso wake umepata damu. Asubuhi ile mama alikunywa chai kikombe kizima. Nani angethubutu kumnyang'anya? Akafunga mdomo. Lilikuwa kosa, na alijua kuwa ni kosa, na angelirudia.

Toka siku hiyo ikawa ibada. Saa mbili asubuhi, kabla ya kufungua depo, Mama Victorine aliingia amejifunga kitambaa cha kanisani, akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Tuma." Rodrigue alibonyeza kitufe cha kutuma tena. Neno likatokea. Wote wawili wakaliangalia kwa dakika kumi, mpaka muda wa kode ukaisha, kisha mama akainuka na kwenda kuuza vitenge. Wanawake wanunuzi walipomuuliza habari za Goma, aliwajibu kwamba Lévi bado hajajibu lakini kila siku wanamtumia, na anapokea. Wakamwambia Mungu ni mwema. Wangesema nini kingine?

Siku moja mama alitaka atume mara mbili, kisha tatu, kwa sababu usiku alimwota Lévi akiwa na kiu. Kwenye mara ya tano mashine ikafunga mlango: majaribio yamezidi, rudi baada ya saa ishirini na nne. Mama alishinda siku hiyo kwenye kiti, mikono mapajani, kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya mwanawe. Rodrigue alimbembeleza, akamwambia kesho itakubali. Wakati anasema hayo alijishangaa, kwa maana alikuwa naye anaingoja kesho, na si kwa ajili ya mama peke yake. Uongo wa kumwonea mtu huruma ukikaa nao sana unaanza kukuhurumia na wewe.

Siku ya kumi na saba tangu Goma ianguke, Rodrigue aliingia chumbani mapema, akapiga nambari ile kabla mama hajafika. Alipiga kwa mazoea, akili yake iko kwingine. Simu ikaita.

Iliita mara tatu. Alisimama wima.

"Allô?" Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Allô. Nani? Hii numéro iko ya kaka yangu. Lévi eko wapi?"

Upande wa pili alisikia mtoto mchanga akilia kwa mbali, na kitanda cha chuma kikiburutwa.

"Weye ni ndugu yake kabisa? Wa tumbo moja?" mwanamke aliuliza.

"Wa tumbo moja."

"Miye naitwa Dorcelle. Niko infirmière, natunza bagonjwa huku Goma." Alisema polepole, kama mtu aliyeshayasema maneno hayo kwa wengi. "Kaka yako balimuleta siku ya pili ya vita, ya masasi. Damu ilikuwa imetoka mingi sana. Tulijaribu. Hakumaliza usiku. Tulibazika bengi pamoja, ndugu yangu, nafasi haikukuwa. Jina lake niliandika miye mwenyewe, iko mu registre. Simu ilikuwa imevunjika. Nikatosha SIM mule ndani, nikaweka mu simu yangu, nikasema labda siku moja bantu bake batapiga. Réseau, mutandao, imerudia jana tu. Kunaingia ma-message ya kode tu. Pole, kaka. Pole sana."

Rodrigue alitaka kulia lakini kilio hakikujua kitokee wapi. Akasikia ndala za mama yake ukumbini, kisha mlango, kisha mama yuko ndani, amejifunga kitambaa chake. Alimwona mwanawe amebana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Unapigia nani?"

Rodrigue aligeukia kioo.

"Lévi? Ilipita?"

"Ilipita, Mama," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Ndilo neno pekee la kweli aliloweza kulipata mdomoni mwake.

Mama Victorine akashika kiegemeo cha kiti. Hakuomba simu. Mtu aliyengoja siku kumi na saba anaogopa kuharibu kitu kwa haraka yake. "Basi tuma sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Kama njia iko wazi, tuma. Unangoja nini?"

Mkono wa Rodrigue ukaenda kwenye kitufe. Angeweza kusema. Maneno yenyewe ni mawili tu, na mtoto wa shule anaweza kuyatamka. Akabonyeza.

Huko Goma kitu kikalia, na Dorcelle akasema, "Kode ingine imeingia sasa hivi. Inatoka kwenu? Nikusomee?"

"Ndiyo."

Akasoma, tarakimu moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuhesabu matone ya dawa. Rodrigue akaandika kwa kidole kimoja. Nne. Sifuri. Tisa. Tisa. Mbili. Nne. Ukurasa ukazunguka kidogo, ukajifuta, na programu iliyomkataa wiki mbili ikafunguka yote, nyeupe na safi. Katikati ikaandika kwa herufi kubwa: *Bienvenue, Lévi.* Karibu, Lévi.

Mama alisogea. Kidole chake kikapita chini ya maneno, kikasimama kwenye jina. Alilisoma mara mbili. Kisha akapiga magoti palepale kati ya nyaya, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa meza, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Alijibu," alisema. "Nilikuambia. Nilikuambia kuko muntu anapokea. Ona, banamukaribisha. Eko mahali, bamemukaribisha."

Aliinuka akiwa anajifuta kwa ncha ya kitenge, akamshika Rodrigue kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini kama alivyofanya alipokuwa mdogo, na akatoka mbio kwa miguu yake yenye uvimbe. Mlango wa depo ulifunguliwa kwa kishindo. Mara akasikika akimwita Maman Clotilde, akiwaita wauza samaki wa Pweto wa upande wa pili wa barabara, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele, kisha wengine wakamfuata. Magodoro ya ukutani hayakuzuia kitu.

"Allô?" Dorcelle aliita. "Uko bado?"

"Niko."

"Banashangilia nini kwenu?"

Rodrigue aliangalia jina la kaka yake kwenye kioo. Angeanzia wapi?

"Sasa hii SIM ya kaka yako," Dorcelle alisema, "nifanye nayo nini? Niitoshe mu simu? Niibakishe mu bahasha mpaka mutume muntu?"

"Hapana," alisema Rodrigue. "Tafazali, usiitoshe. Mama atatuma tena kesho."