Mgeni wa Siku ya Nne

Siku hiyo meli haikutia nanga popote. Kulia maji, kushoto maji, na katikati abiria elfu mbili waliokwisha kunywa chai wakizunguka kutafuta chai nyingine. Bi Kona aliamka, akatandika kitanda chake, akafuta kioo, akasugua sinki kwa dawa ya meno, akakunja taulo mara tatu, kisha akaketi kwenye kiti kuingoja siku ianze. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Jina hilo la Bi Kona hakupewa na wazazi wake. Alipewa hospitalini, alikokuwa mkuu wa mashuka kwa miaka thelathini na mmoja. Kitanda kisichokuwa na kona nne kali za shuka alikivua chote, wakati mwingine mgonjwa akiwa juu yake. Wahudumu walimwogopa, madaktari walimwogopa, na kuna mgonjwa mmoja aliyepona upesi mno, watu wakasema alikuwa anamkimbia yeye. Miezi miwili iliyopita alistaafu, akapewa saa ya ukutani na keki. Mwanawe akamhamishia kwake. Wiki haikupita, mama akaanza kutandika vitanda vya majirani, ndipo mkwe wake akapata wazo la kwenda naye safari ya meli.

"Mama," mkwe alimwambia siku ya kupanda, "humu una kazi moja tu. Kupumzika."

Sasa kazi hiyo Bi Kona hakuwahi kufundishwa, na jamani, mtu humpi kazi bila kumwonyesha. Tena alikuwa anaogopa, ingawa angekufa kabla ya kumwambia mtu. Aliogopa kwamba siku atakayoamka asitandike chochote, ndiyo siku atakayokuwa amekwisha.

Saa tatu na nusu mhudumu wa vyumba akabisha hodi. Alikuwa mtu mzima, upara umeanza kumnyemelea, baba wa watoto watatu ambao picha yao ameibandika kwenye mkokoteni wake wa taulo. Kila asubuhi alifungua mlango, akatazama, akashukuru, akaondoka. Leo aliingia, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nina jambo, naomba usinielewe vibaya. Acha kutandika."

Bi Kona alidhani hajasikia. "Niache nini?"

"Kutandika, mama. Siku ya nne hii mashuka ya chumba hiki hayajaenda kufuliwa, na huko chini wanahesabu. Msimamizi wangu anasema ama mimi sifanyi kazi, ama mgeni amenikataa. Anakuja saa nne kukagua. Mkataba wangu unaisha safari hii. Akiandika vibaya, siitwi tena."

"Si umwambie natandika mwenyewe?"

"Nilimwambia. Alicheka. Anasema miaka kumi na tano baharini hajaona mgeni anayesugua sinki."

"Mgeni siku mbili," Bi Kona akasema kwa ukali, "siku ya tatu mpe jembe. Na leo ni ya nne!"

"Humu hakuna jembe, mama. Ukifanya kazi yangu, mimi nitafanya ipi?"

Hilo lilimwingia. Miaka yote aliwakaripia wahudumu wake mpaka wakalia, lakini mtu wa nje akiwagusa, aliwapigania kufa na kupona. Hajawahi kuwa yeye wa kumwaga unga wa mwenzake. Akainuka.

"Tunataka fujo," akasema. "Haya."

Akashika shuka kwa ncha mbili, akalikunja nusu, akalikunja tena, akarudi nyuma kulitazama.

"Mama, hapo umekunja."

"Kwani wenzangu hufanyaje?"

"Taulo wanaacha sakafuni. Maganda ya karanga chini ya mto. Chumba cha kule mwisho wanafuta viatu kwa pazia."

"Pazia!"

"La kushoto."

Bi Kona alihitaji kuketi kidogo. Kisha akachukua taulo, akafumba macho, akalitupa. Kabla halijatulia sakafuni alikuwa ameshaliokota.

"Mama!"

"Ni mkono huo, si mimi."

Zilibaki dakika kumi. Bi Kona akawafikiria wajukuu zake, akafanya kama wao: akavuta mashuka yote kwa mkupuo, akarusha mito, akaangusha taulo bafuni na kulikanyaga ili lisiokoteke. Mwisho akamimina chai kwenye sahani, ikafurika mezani. Hakusema, ila ilimpendeza kidogo.

Saa nne kamili msimamizi akaingia, mwanamke mwembamba mwenye kishikwambi mkononi na sare iliyopigwa pasi vizuri. Hiyo pasi Bi Kona aliikubali. Msimamizi akautazama uharibifu ule, uso wake ukalainika.

"Endelea na kazi," akamwambia mhudumu.

Bi Kona akaketi kwenye kiti, mikono akaikalia. Watu husema wamefanya kazi ngumu. Hawajawahi kukalia mikono huku mtu mwingine akitandika. Mhudumu alitandaza shuka, akafunga kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, sawa. Kwenye ya nne aliharakisha, maana msimamizi alikuwa amemsogelea, na kona ikatoka imelegea kiasi kwamba paka angeingia na wanawe. Msimamizi hakuiona. Bi Kona hakuona kitu kingine.

"Mama, kwa kumi, huduma ya chumba unaipa ngapi?"

Ala! Katika miaka thelathini na mmoja alama ya juu aliyowahi kutoa ilikuwa saba, na alijipa mwenyewe. Mhudumu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kumi," akasema Bi Kona. Neno lilipita kooni kama kidonge bila maji.

"Na hizi siku zilizopita? Alikuwa anakuja?"

"Kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa namnyang'anya kazi yake. Andika hivyo hivyo, na uandike nimeomba radhi."

Msimamizi akaandika. "Pita ofisini mchana," akamwambia mhudumu, "tuzungumze mkataba mwingine." Akatoka. Mhudumu akatoka nyuma yake na furushi la mashuka machafu, amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Bi Kona akabaki na kona yake ya nne. Akaiendea, mkono umetangulia. Kisha akasita, akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimtandikia kitanda. Marehemu mume wake alimpenda sana, lakini kutandika, hapana. Watoto, wapi! Hata siku alipojifungua alitandika mwenyewe, kichanga mkononi, huku muuguzi akimfokea. Ilibidi arudi nyuma mpaka alipokuwa na miaka tisa, anaumwa surua, mama yake akainama juu yake na kulivuta shuka. Na mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua kufunga kona.

Akaondoa mkono. Akavua viatu, akaingia kitandani, akalivuta shuka mpaka kidevuni. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Baadaye mkwe akachungulia mlangoni na kofia yake pana ya jua.

"Mama! Saa hizi kitandani? Unaumwa?"

"Siumwi," akasema Bi Kona. "Nimetandikiwa."