Feni ya Maji ya Shemeji Badru

Shemeji yangu Badru alishuka na feni ya maji kutoka Dodoma, akaisimamisha chumbani kwa mama yake kama aliyeleta posa.

"Wiki moja," alisema. "Chumba kisipopoa, namchukua Mama nikakae naye Dodoma. Hapa Buguruni mtaniulia mzazi."

Bi Wahiba, mama mkwe wangu, alinishika mkono. Tangu mume wangu Marijani afariki tunaishi wawili, na pumu ya Mama mie ndiye ninayeijua.

"Dodoma nani atanisomea Yasini?" alininong'oneza.

Basi nikafuata maagizo yote. Nikajaza tangi la feni maji na barafu, nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga ili ubaridi usitoke. Saa ya kwanza tulisema alhamdulillahi. Kesho yake shuka zilikuwa majimaji, kurasa za msahafu zimejikunja, na Mama anahema kama aliyepanda ghorofa.

Nikampigia Badru.

"Ongeza barafu!"

"Shemeji, huko kwenu joto kavu. Huku ni fukuto. Hewa imeshajaa maji, unaniongezea mengine ya nini?"

"Joto ni joto. Kwani umesomea wapi hayo, shemeji?"

Niliishia darasa la saba. Lakini miaka thelathini nafua nguo na kuanika, na siku ambayo nguo hazikauki kambani naijua kabla sijatoka nje. Siku hiyo maji hayampozi mtu. Nilileta astaghfirullah, nikakata simu.

Nikamwaga maji yote, nikafungua madirisha na mlango wa uani, nikavuta kitanda pale upepo unapopita. Feni nikaiwasha kavu. Mama akalala hadi adhana ya alasiri.

Ijumaa Badru akaja, akasimama mbele ya feni, kanzu inapepea.

"Si mnaona? Maji hayo!"

Ningeweza kunyamaza, lakini uongo wa kunyamaza nao ni uongo.

"Fungua tangi, shemeji."

Akafungua, akalikuta kavu. Akanuna, akaenda kuchota ndoo nzima.

"Ndiyo maana haijapoa sawasawa."

"Badru," mama yake akaita, bila kukohoa. "Tone moja likiingia humo, panda treni na feni yako. Mie siendi popote."

Badru akabaki na ndoo mkononi, hajui aitue wapi.

"Uani kuna vyombo, shemeji," nikamwambia. "Vinasubiri maji."