Dizeli Hataki Kula

Tangu vita viliposimamisha treni, Seifu alikuwa amehamia kando ya mtungi wa maji. Mtu aliyeendesha treni kutoka Kalemie hadi Niemba na mbali zaidi, sauti yake ikishindana na honi, sasa alishinda chumba cha nyuma penye giza na ubaridi, akimega matonge mawili ya ugali wa bukari na kusukuma sahani. Mkewe Mwavita alikuwa ameshasema yote ya kusema. Alibaki na hofu tu.

Siku moja Seifu alikwenda gare, kwenye stesheni ya treni, kuangalia injini yake inavyoota kutu, akarudi na mjusi mchanga aliyemkuta amejilaza kwenye kiti cha dereva. Alimfunga uzi wa wavu kiunoni, akamtia kwenye boksi na kumpa jina Dizeli. Jioni ile aliongea mpaka Mwavita akajiuliza kama ni malaria.

Shida ni kwamba Dizeli alikataa kula.

Si kwamba hakukirimiwa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za mtaa, mgeni huketishwa penye ubaridi, karibu na mtungi, aburudike kabla ya chakula. Basi boksi likawekwa hapo hapo. Wakamletea ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, wakamletea bukari, wakamletea hata papai. Dizeli alilala tu, macho nusu, tumbo limebonyea. Seifu, kwa huruma zake, akamnyunyizia maji mgongoni.

"Mama Aisha, haka kamjusi kanaenda kufa," alimwambia mkewe. "Kila kitu ninashika, kinazimika."

Mwavita hakuwahi kupenda mijusi. Tangu utotoni alifundishwa kuipiga kandambili. Lakini alijua vizuri kwamba huyu akifa, Seifu atarudi kwenye mtungi wake na hakuna atakayemtoa tena. Baada ya swala ya alasiri alijikuta anamwombea mjusi. Akaona aibu, na akaendelea kuomba.

Asubuhi iliyofuata, Seifu akiwa bado anaoga, Mwavita alitaka kufagia. Wala hakuwa na hekima nyingine kichwani. Boksi lilikuwa njiani, akalitoa nje, akaliweka juu ya mabati alipoanika ndagala wake wa kuuza, kisha akalisahau kabisa.

"Mama Aisha! Dizeli iko wapi?"

Mwavita akakumbuka mabati. Walitoka mbio wote wawili. Jua lilikuwa limeshawaka sawasawa na mabati yalikuwa yanaunguza. Boksi lilikuwa limepinduka, na Dizeli alisimama katikati ya ndagala, uzi ukiburutika nyuma yake, kichwa juu. Nzi akatua. Dizeli akamrukia, akammeza. Akatua mwingine, naye akaenda huko huko. Ndagala wenyewe aliwakanyaga tu.

Seifu alichuchumaa.

"Baridi," alisema. "Kalikuwa na baridi! Miaka yote ile nilikuwa napasha mashine asubuhi mbele ya kufunga mabehewa. Mashine ya baridi haiwake, Mama Aisha. Na miye njo nilikamwangia maji!"

Akacheka. Alicheka mpaka jirani yao, Mama Léonie, akachungulia juu ya ua kuuliza wamepata wageni gani.

Mwavita naye alicheka. Aliingia chumba cha nyuma, akabeba kiti cha mumewe, akakitua juani kando ya mabati.

"Kaa hapa," alimwambia. "Mashine ikiwa inje, na dereva akae inje."

Seifu alikaa. Akaletewa sahani, akawa anakula huku akimtazama Dizeli, na Mwavita alipoinua mkono kufukuza nzi waliojaa kwenye biashara yake, akamzuia.

"Wacha, hakajashiba." Kisha akaangalia sahani yake, tupu. "Bukari ingine iko?"

Haikuwepo. Mwavita alikwenda kuwasha moto.