Bolti ya Tisa

Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa na bolti kumi. Nane zilitoka vizuri, kila moja ikilalamika kidogo kisha ikikubali. Ya tisa, moja ya zile za katikati, ilikataa. Bolti ikikataa, kazi inataka uimwagie mafuta, uiache, ukanywe chai. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumapili alfajiri nilikuwa na basi la kupanda. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza urefu, nikalilalia kwa uzito wangu wote.

Ikasema tak.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, baba akakohoa.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya tisa."

"Umeweka bomba."

Nikalichomoa bomba. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori miezi mitatu kabla ya hapo, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alitaka kitanda chake kiwekwe chumba cha mwisho, kinachopakana na gereji yake, mto uguse ukuta. Tangu hapo hakuna kilichompita. Spana ikiteleza alisema, "Hiyo ni spana ya kumi na tisa, chukua ya kumi na saba," na ilikuwa kweli.

Tulikuwa tumeelewana watu watatu: mimi, yeye, na shangazi, dada yake mkubwa aliyekuja kumuuguza. Injini hii ndiyo ya mwisho. Ikitengemaa, tunafunga gereji, baba anahamia kwa shangazi, nami Jumatatu saa mbili asubuhi naripoti kwenye kiwanda cha pampu, mji mwingine, kazi niliyoiomba mara tatu. Baba aliweka sharti moja tu: injini ya mtu haiachwi wazi. Kabla haijawaka, yeye haondoki kitandani pale.

Nikafungua ya kumi, nikamwita shangazi tunyanyue hedi.

"Mgongo huu nimewawekea wajukuu," alisema, lakini alinyanyua.

Kipande kilikuwa kimekatikia ndani ya bloku, mwili wenyewe wa injini, chini ya uso wake kwa kina cha sarafu mbili hivi. Hakikuwa na pa kushikika. Nilikimwagia mafuta, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikikitazama. Kitu chenyewe hakizidi unene wa kidole, na kilikuwa kimeshika gari, gereji, baba, shangazi na mimi.

Mwenye gari akaingia. Tulimwita Pole-Pole kwa sababu maishani mwake hakuwahi kungoja kitu kwa utulivu.

"Mama Fundi, bado iko leba tu?"

"Mtoto amekatalia," nikasema.

"Akikatalia si huitwa mkunga?"

"Mkunga ndiye huyo," shangazi akamjibu. "Wewe baba mtoto kangojee nje."

Hakutoka. Akaegemea mlango, funguo zikizungukazunguka kidoleni.

"Toboa," baba alisema kutoka ukutani. "Katikati kabisa. Anza na ncha ndogo."

Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Nikagonga alama katikati, nikaweka drili. Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri, kisha nikaona unga wa chuma umebadilika rangi. Bolti ni ngumu kuliko bloku, na drili, kama mtu, hukimbilia palipo laini. Nikazima.

"Mbona umeacha?"

"Inakimbilia pembeni."

"Ishike."

"Nimeishika, baba. Inakimbia."

 Alijua kama nilivyojua: mizunguko michache zaidi na uzi wa bloku, ile mikato ya shimo inayoishika bolti, ungeliwa, na bloku ikishaliwa uzi ni ya kutupa. Pole-Pole aliacha kuzungusha funguo.

Nikaenda kuvuta mashine ya kuchomelea. Magurudumu yake yalikwaruza sakafu.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Naijaza bolti, kisha naichomelea nati juu yake."

"Usithubutu! Ukiunguza uzi umeua bloku ya watu."

"Nimeshawahi kufanya."

"Wapi?"

"Hapahapa. Ulipokuwa hospitali. Mara mbili."

 Sikuwa nimemwambia kwa sababu yeye hakunifundisha. Nilijaribu kwenye vyuma chakavu nyuma ya nyumba mpaka nikaacha kuharibu.

Nikavaa kioo. Nikajaza chuma juu ya kile kipande tone kwa tone, kila tone nikililenga katikati, mpaka kikapanda juu ya uso wa bloku. Nikaweka nati, nikaijaza kwa ndani. Nikangoja. Nilipoweka spana na kuvuta, nati ikabanduka nzimanzima.

"Imebanduka," baba alisema, taratibu. Hakukuwa na kejeli ndani yake.

Nikasugua, nikaanza upya. Mara hii nilingoja kweli. Nilidondosha tone la maji kwenye nati, likaruka. Nikangoja. La pili likachemka. La tatu likatulia pale kama liko juu ya jani. Ndipo nikashika spana. Robo nyuma, robo mbele. Sikuhesabu. Robo nyuma, robo mbele, na mafuta kidogo.

Ikalia, sauti nyembamba kama ya mlango wa kabati.

"Hiyo!" baba alisema. "Usiongeze nguvu sasa. Iache idhani inatoka yenyewe."

Ikatoka. Nikamulika tochi shimoni. Uzi ulikuwa mzima, mviringo kwa mviringo. Pole-Pole akapiga makofi kama yuko harusini.

"Kaka yangu ana gari la hivihivi! Bolti mbili zimekatikia ndani, mafundi watatu wameshindwa. Namleta!"

"Binti," baba aliita. "Njoo nayo."

Chumbani kulinuka dawa ya kuchua. Aliipokea bolti ikiwa bado na joto, akaipitishia kidole gumba polepole kuanzia juu hadi chini.

"Mimi ningeendelea kutoboa," alisema. "Ningeua bloku ya watu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kazi yake. Sikujua niangalie wapi.

"Unapofanya kazi pale," akaendelea, "nyonga siisikii. Ukinyamaza inaamka. Kwa shangazi yako ni kimya. Nyumba nzuri, lakini kimya."

"Baba, tulielewana."

"Tulielewana. Mimi sijasema neno."

Na ni kweli. Naandika hili kwa uangalifu kwa sababu watu wamekuja kumsema vibaya baadaye: hakuniomba. Alinirudishia bolti, akafumba macho.

Nilipotoka, Pole-Pole alikuwa ameshika simu, kaka yake yuko hewani.

"Anauliza alete lini?"

Jibu nilikuwa nalo. Gereji inafungwa. Maneno mawili, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima kwa ajili ya wateja kama yeye. Nikatazama bloku. Nikafikiria bolti mbili, mafundi watatu, na jinsi hao watatu walivyotoboa bila shaka, pembeni.

"Jumatatu," nikasema.

Shangazi alikuwa anapita na beseni la maji ya baba. Akasimama.

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna."

Alinitazama sana. Kutoka ukutani sauti ikaja, nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa miezi mitatu: "Muulize kama uzi umeshaliwa."

"Bado haujaliwa," Pole-Pole akapaza sauti.

"Vizuri. Wasiiguse."

Shangazi akaniegemezea beseni kiunoni ili nilishike, akajifuta mikono kwa kanga.

"Hao wa kiwandani utawapigia mwenyewe," alisema. "Mimi simo."

Nikampelekea baba maji yake. Kisha nikatoka uani, nikafungua simu, nikaanza kuitafuta namba yao.